Tuliposema Mtoto Anacheza na Malaika



Wiki iliyopita alikuja biharusi kwenye kibanda chetu cha ushoni kupimwa nguo ya nikahi. Anaolewa bara, mbali. Akasikia kuwa na sisi tumeoza Kagera, akauliza: "Huko kukoje?" Tukamwambia kuna baridi nzuri, vilima, migomba kila upande, watu wakarimu. Akauliza tena: "Na akizaa mtu huko, peke yake, bila ya mama yake?" Hapo sote wawili tukanyamaza, mkasi ukabaki mezani.

Kwa hiyo leo hatuandiki habari za lesi wala shela. Tunaandika habari ya usiku mmoja, na mambo tuliyojifunza baada yake. Tunasema "sisi" kwa sababu tulikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wenye cherehani moja na biashara moja, na kosa tulilifanya pamoja. Elimu yetu ni kidato cha nne na chuo cha ushoni. Si madaktari. Tulichokiandika hapa tulielezwa na madaktari na manesi, tukauliza tena na tena mpaka tukaelewa.

Safari ya kwenda kwa mzazi

Mdogo wetu, kitindamimba wa mama yetu, aliolewa na kijana wa Kihangaza kutoka Ngara, Muislamu, dereva wa malori ya mizigo yanayovuka Rusumo kwenda Rwanda. Nguo zake zote za harusi tulizishona sisi, na kanga zake tulizikata upindo kwa mikono yetu. Wakapanga nyumba Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, pembezoni mwa barabara kuu, ili mume awe anapita nyumbani akienda na akirudi.

Uchungu ulimwanza siku ya Jumatatu. Mchana ule ule tukapanda boti, alfajiri ya Jumanne tukapanda basi Dar es Salaam. Dodoma, Singida, Nzega, tukalala Kahama. Njiani tukapigiwa simu kuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya kuhangaika usiku kucha. Tukalia kwa furaha ndani ya basi hadi abiria wakatupongeza. Jumatano mchana tukafika Nyakahura na mabegi yaliyojaa udi, liwa, bizari, pilipili manga na nguo ndogo tulizozishona.

Tulimkuta mdogo wetu kachoka lakini anacheka. Akatuambia mtoto alikawia kulia. Mkunga alimpangusa, akamsugua mgongo, halafu akamwekea kifuniko puani na mdomoni na kumpulizia hewa kwa kibegi cha mpira. Baada ya hapo ndipo akalia. Tukasema Alhamdulillah, yamepita. Hatukujua kuwa neno lile, "alikawia kulia", ndilo lililokuwa ufunguo wa yote yaliyofuata.

Mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Ngara kumwangalia mzazi, akasema: "Mjukuu wangu ni mpole, halii hovyo. Tangu mchana anatafunatafuna tu kama anakula." Kweli tukamuona: midomo inachezacheza, ulimi unatoka na kurudi, macho yameganda upande mmoja. Na sisi tukatabasamu. Kwetu kisiwani mtoto mchanga akifanya hivyo tunasema anacheza na malaika. Tukampiga picha.

Usiku wenyewe

Baada ya Isha mtoto akaacha kunyonya. Anawekewa ziwa, halikamati. Kiasi cha saa nne usiku miguu yake ikaanza kwenda kama ya mtu anayeendesha baiskeli. Inakwenda, inasimama. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, kwa mdundo, kama sindano ya cherehani: tap, tap, tap. Uso ukabadilika rangi kuzunguka midomo.

Mama mkwe akasema ni degedege, mdege umepita juu ya nyumba. Akataka aitwe mzee mmoja anayejua majani. Sisi tukasema hapana, huyu kapata kijicho au jini, tukatoa mvuje kwenye begi, tukamfunga mkononi, tukafukiza, tukamsomea. Tukabishana na mama mkwe: yeye na majani yake, sisi na mvuje wetu. Yeye akasema, "Hili jambo mmekuja nalo kutoka kwenu kisiwani." Sisi tukamjibu maneno ambayo mtu hamjibu mkwe. Na jambo moja tulikubaliana sote watatu, nalo ndilo lililokuwa baya kuliko yote: kwamba hospitali asipelekwe, kwa sababu mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Sisi tulilisikia hilo kwa bibi yetu, yeye kwa bibi yake.

Mdogo wetu peke yake ndiye aliyesema: "Nipelekeni hospitali." Alisema mara tatu. Tukamwambia asubiri, mumewe hajatoa ruhusa. Mumewe alikuwa njiani Rwanda na simu haipatikani. Tukamwambia pia habari ya njia. Wenyeji wa huko wanajua: mapori ya Biharamulo yaliwahi kuwa na majambazi, magari yakisindikizwa na askari, na ingawa siku hizi mambo yametulia, hofu ya kusafiri usiku haijaisha. Pesa ya gari alikuwa nayo mume.

Wifi yake mdogo, msichana wa sekondari, alikuwa pembeni anarekodi kwa simu. Tukamkaripia: "Mtoto anaumwa wewe unapiga video? Huna adabu!" Akafunga simu, akalia.

Ilimjia mara nyingi usiku ule. Hatukuhesabu. Baada ya swala ya Alfajiri mtoto akasita kupumua, kwa muda unaotosha mtu kusema Bismillah mara kadhaa, kisha akavuta pumzi. Mdogo wetu hakutuomba tena. Alijifunga kanga, akambeba mwanawe, akatoka barabarani na damu yake ya uzazi, akasimamisha mchomoko, hizi gari ndogo za abiria za kule, uliokuwa unakwenda Ngara. Sisi tukamkimbilia nyuma. Mama mkwe naye akapanda, na msichana wa simu.

Walichokifanya hospitali

Ngara wanayo hospitali ya Murgwanza ya Kanisa la Anglikana, na Rulenge ipo ya Wakatoliki; Waislamu na Wakristo wote hutibiwa humo. Sisi tulikofika hatutaji jina, kwani hatuandiki kusifu wala kulaumu mahali.

Nesi wa kwanza hakuuliza kadi wala pesa. Alimweka mtoto chini ya joto, akamweka hewa ya oksijeni puani, akamchoma kisigino kwa kisindano kidogo na kutia tone la damu kwenye kifaa cha sukari. Sukari ilikuwa chini sana. Mtoto hakuwa amenyonya tangu jioni, na ubongo wa mchanga hauna akiba. Wakamtafutia mshipa na kumpa maji ya sukari ya asilimia 10, mili 2 kwa kila kilo ya uzito wake.

Mkono ukaanza tena kurukaruka. Nesi akaushika taratibu, akaukunja. Haukusimama, aliusikia ukiendelea kupiga ndani ya kiganja chake. Akatuambia: "Dada zangu, huku si kutetemeka kwa baridi. Hii ni degedege ya mchanga."

Hiki kipimo cha mkono tunataka kila mama akijue. Watoto wachanga wengi hutetemeka bila ya ugonjwa: ukimgusa au akisikia kishindo anatetemeka, ukimshika mkono ukaukunja unatulia, na macho yake ni ya kawaida. Wengine hushtuka usingizini, ukiwaamsha inakwisha. Lakini degedege haisimami kwa kushikwa, na mara nyingi huja pamoja na macho kuganda au kwenda upande mmoja, kutafunatafuna, kupiga miguu baiskeli, kubadilika rangi au kusita kupumua. Kwa mchanga wa chini ya siku 28 haiji kama kwa mtu mzima, kuanguka na kutoa povu. Ubongo wake bado mchanga, na degedege yake nayo huja kimyakimya. Ndiyo maana inapita mbele ya macho ya watu wazima watatu nao wanatabasamu.

Daktari alipokuja akauliza nani aliona ilivyoanza, na kila mmoja wetu akasema lake. Ndipo yule msichana akatoa simu yake kwa woga. Daktari aliitazama ile video mara tatu. Akasema: "Hii imenisaidia kuliko maneno yenu yote." Kipo kipimo cha kusoma umeme wa ubongo, na ndicho chenye uhakika zaidi, lakini kinapatikana hospitali chache kubwa. Katika wilaya daktari anategemea macho yake, maelezo ya mama, sukari, na vipimo vya damu. Video fupi ya simu ni msaada mkubwa. Tulimuomba msichana radhi pale pale, mbele ya watu.

Sukari ilipanda lakini degedege haikukoma, basi wakampa fenobabitoni kwenye mshipa. Ni dawa ya zamani, nayo ndiyo bado inayoanzwa nayo kwa wachanga duniani kote: miligramu 20 kwa kila kilo, inaingizwa polepole kwa kiasi cha dakika 20, na nesi amesimama hapo hapo kuangalia pumzi, kwa sababu dawa inaweza kupunguza upumuaji. Tunataja kipimo ili mjue kuwa haya mambo yanapimwa kwa kilo na kwa saa. Si dawa ya kununua dukani na kumwekea mtoto nyumbani. Hata ile dawa ya degedege ya watoto wakubwa, inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, daktari alisema kwa mchanga hawakimbilii hiyo.

Baada ya hapo wakaomba kumtoa maji ya uti wa mgongo. Tukakataa. Sote tumesikia kuwa anayetolewa maji yale anapooza. Daktari akakaa kwenye kitanda akatueleza kwa vidole: sindano inaingia chini kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Wanatafuta homa ya uti wa mgongo, kwani nayo inaleta degedege, na ikiachwa inaua. Mdogo wetu akasema: "Fanyeni." Maji yakatoka safi. Hata hivyo walikwisha kumuanzishia antibayotiki mbili, ampisilini na jentamisini, kwa sababu kwa mchanga hawasubiri majibu ndipo waanze.

Na ile hofu ya sindano? Daktari hakutucheka. Alisema huenda ilianza kwa sababu watoto wengi waliletwa wakiwa tayari wamechoka, wakachomwa sindano, wakafa, na watu wakaona sindano ndiyo iliyoua. Kilichoua ni kuchelewa. Tulitazamana na mama mkwe, sote tukainamisha vichwa.

Inatokana na nini?

Tuliuliza kwa niaba yenu. Degedege kwa mchanga ni dalili, na nyuma yake kuna sababu. Iliyo kubwa katika nchi zetu ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kama wetu aliyekawia kulia. Nyengine ni maambukizi ya damu na homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, chumvichumvi za damu kama kalsiamu kupungua, damu kuvuja ndani ya kichwa, na manjano iliyozidi ambayo haikutibiwa. Wachache sana huzaliwa na maradhi ya kurithi. Pia si lazima iwe kifafa. Wengi ikishatibiwa sababu, degedege inakoma, na dawa husimamishwa. Mwongozo wa mwaka 2023 wa jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa unasema, ikiwa degedege ilitokana na tatizo la muda na imekoma, dawa isimamishwe kabla mtoto hajarudi nyumbani. Wetu alisimamishiwa siku ya nane, siku ya tisa tukatoka.

Ipo sababu moja inayowahusu mabibi harusi moja kwa moja, nayo ni pepopunda. Jina lenyewe linaonesha wazee wetu walivyoiona kama kazi ya pepo. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha kuanzia siku ya tatu na kuendelea taya linakaza, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa kila akiguswa au akisikia kelele. Mdudu wake anaingia kwenye kitovu, kwa wembe mchafu, majivu, samadi, au wanja unaopakwa ili kikauke upesi. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, maana yake kila wilaya imeshuka chini ya mtoto 1 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Haikushuka yenyewe. Imeshuka kwa sababu mama zetu walichanjwa wakiwa na mimba. Chanjo zikitimia tano kwa mpangilio zinamlinda mwanamke miaka yake yote ya kuzaa. Biharusi, kama hujui umechanjwa ngapi, nenda kaulize kabla hujaja kwetu kupima gauni.

Dakika ya mwanzo

Tulikuwa tukidhani mkunga kazi yake ni kupokea mtoto na kukata kitovu. Sasa tunajua kuwa dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa wao huiita dakika ya dhahabu. Mtoto asipolia anakaushwa, anasuguliwa, na ikiwa bado, anapuliziwa hewa kabla dakika haijaisha. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujaribu mafunzo haya, kuanzia mwaka 2009, katika hospitali 8, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hivi karibuni mradi mwengine wa kuwafunza wakunga mazoezi ya mara kwa mara ulifanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Shinyanga, Mwanza na Geita, jirani kabisa na Biharamulo, na huko pia vifo vya wachanga vilipungua sana.

Mkunga aliyempulizia mwana wetu hatumjui hata jina. Bila ya yeye leo tungekuwa tunaandika taazia. Tumemuombea dua nyingi.

Baada ya arobaini

Sasa tuseme lililo gumu. Watu hupenda kisa kiishe kwa kusema mtoto akapona, tukarudi. Mtoto wetu yu hai, Alhamdulillah. Ana miaka mitatu na ushei. Anacheka, anajua majina yetu, anaimba kasida anazosikia redioni kwa lugha yake mwenyewe. Lakini alikawia kukaa, akatembea baada ya miaka miwili, na mkono wake wa kulia ni mzito. Madaktari wameuita mtindio wa ubongo. Degedege haijarudi.

Tulimuuliza daktari: tungemleta usiku ule, angekuwa mzima? Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema madhara mengi huenda yalitokea wakati wa kuzaliwa, na hakuna anayeweza kuyapima kwa mizani. Lakini usiku mzima wa sukari kushuka na degedege isiyotibiwa haukumsaidia. Hakutuhukumu, wala hakutusafisha. Jibu hilo tunaishi nalo. Kuna siku tunashona, mmoja wetu anasimamisha cherehani, na mwengine anajua bila ya kuuliza anawaza nini.

Na ndoa ilitikisika. Siku zote za arobaini mama mkwe hakuzungumza na mdogo wetu isipokuwa salamu. Watu wakasema bibi wa kisiwani kaleta jini lake, wengine wakamshauri shemeji aoe mke mwengine. Shemeji aliporudi kutoka safari alituweka sote barazani. Akasema: "Mke wangu alisema mara tatu apelekwe hospitali. Nyote mlikuwa na akili kuliko yeye?" Hakuna aliyejibu. Sisi ndio tuliotangulia kumuomba radhi mama mkwe kwa maneno yetu, tukampa na doti ya kanga. Aliipokea bila ya neno. Miezi mitatu baadaye, tukapigiwa simu kuwa ni yeye anayembeba mjukuu mgongoni kumpeleka mazoezi ya viungo, na ndiye anayemnyoosha kidole kimoja kimoja jioni kwa mafuta. Mpaka leo anafanya.

Na dini yetu inasemaje

Wapo watakaosema tumedharau kisomo. La hasha. Kisomo hatujakiacha, na siku ile ndani ya gari tulisoma mpaka Ngara. Kosa letu lilikuwa kukifanya kisomo kiwe sababu ya kukaa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta matibabu, na kwamba hakuna maradhi yaliyoshushwa ila na dawa yake imeshushwa.

Tena kipo kisa kilichopokewa na Ibn Abbas (r.a.), kimo katika Bukhari na Muslim, cha mwanamke aliyekuwa akianguka kwa kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia anaanguka na mwili wake unafunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Tazameni, wapenzi. Hakufukuzwa, hakuitwa mchawi, hakuambiwa ana nuksi. Alisikilizwa, na haya yake ikahifadhiwa. Basi vipi sisi tumseme mama aliyejifungua mtoto wa namna hii?

Biharusi, andika haya

Kabla ya kuhesabu vyombo na mashuka, kaa na mumeo mkubaliane haya manne.

Kwanza, ruhusa. Akwambie leo, mbele ya mama yake na mbele ya ndugu zako, kwamba wewe au mtoto mkiumwa na yeye hayupo, uende hospitali bila ya kungoja simu. Shemeji yetu sasa anawaambia madereva wenzake wote.

Pili, pesa ya gari. Iwe mkononi mwako, si mfukoni mwake. Na namba ya dereva wa karibu anayekubali kuamshwa usiku.

Tatu, mahali pa kuzalia. Uzazi wa kwanza usiuchukulie wepesi, zalia penye mkunga aliyefunzwa. Na ukitoka, usisahau kurudi: mama na mtoto huangaliwa ndani ya saa 48 za mwanzo, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Arobaini yetu haikatazi kwenda kliniki.

Nne, dalili. Mchanga akikataa kunyonya, akilegea, akipumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, akibonyea kifua, akiwa na joto la 37.5 na zaidi au baridi chini ya 35.5, akiwa wa manjano mpaka viganjani na nyayoni, au akionesha degedege kama tulivyoieleza, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Akiwa katika degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maziwa, maji wala dawa ya kunywa, usimmwagie maji ya baridi. Mtu mmoja aangalie saa na arekodi kwa simu, mwengine atafute gari. Mkae naye kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto njiani.

Biharusi wetu wa wiki iliyopita tulimsomea haya alipokuja kujaribu gauni. Akakaa kimya, halafu akaomba tumshonee kipochi kidogo cha kitambaa kilichobaki, cha kuwekea nauli ya dharura. Tumekishona, hatukumtoza. Na kila biharusi atakayeshona kwetu tutampa chake, Inshaallah.

Mwenyezi Mungu awalinde wana wetu, awape shifaa wanaoumwa, awape subira mama wanaolea watoto wenye mahitaji yao, na atusamehe tuliochelewa. Amin.